James Dean: Kazi Yake na Kifo Chake

Tulipokuwa tukisoma na vijana wa darasa la juu sura ya nne ya kitabu cha Mwanzo, mmoja wao, aliyekuwa amekwisha kuiona picha ya sinema iitwayo East of Eden, alitueleza kwa furaha ya mtu aliyevumbua siri kwamba jina la picha ile limetoka katika sura iyo hiyo, mahali panaposimuliwa nchi aliyokwenda kukaa Kaini baada ya kumwua ndugu yake. Tukamsifu. Ndipo alipouliza neno ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: "Mwalimu, yule James Dean aliyecheza mahali pa Kaini, kama asingalikufa kijana, watu wangalimkumbuka?" Wenziwe wakacheka. Wawili watatu wakasema ni afadhali kufa na miaka ishirini na minne jina likabaki, kuliko kuzeeka na kusahauliwa.

Walisema kwa mzaha, lakini mzaha ule haukututoka moyoni. Tumeona yapasa kulijibu swali la kijana yule kwa maandishi, si kwa kuhubiri habari za mauti, bali kwa kuitazama kazi yenyewe, kama tuvitazamavyo vitabu katika kurasa hizi: palipo pema tuseme pema, na palipo dhaifu tuseme dhaifu. Jambo hili si jepesi. Mtu akifa kijana, watu huona haya kuipima kazi yake. Sisi wa Afrika ya Mashariki tuliyaonja hayo mwezi wa Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba wa Tanzania, naye ana miaka 28. Dar es Salaam ilifurika watu waliokuja kumzika. Lakini tangu siku zile ni mara chache tumesikia mtu akisema ni picha ipi ya Kanumba iliyo bora na ipi iliyopungukiwa. Sisi wenyewe hatukuthubutu.

Maisha ya Dean ni mafupi, wala hayahitaji maneno mengi. Alizaliwa Marion, katika jimbo la Indiana, Marekani, tarehe 8 Februari 1931. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza meno. Wakahamia California, na huko, mwaka 1940, mama yake akafa kwa ugonjwa wa saratani. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Baba akabaki California. Mtoto akapandishwa gari la moshi pamoja na bibi yake, na jeneza la mama yake limo ndani ya gari lilo hilo, wakarudi Indiana. Huko akalelewa na shangazi yake, Bibi Ortense Winslow, na mumewe Bwana Marcus, katika shamba lao karibu na Fairmount. Nyumba ile ilikuwa ya Kanisa la Marafiki, ambalo wasomaji wetu wa Kaimosi wamelijua tangu wamisionari wake walipofika huko mwaka 1902.

Wako wasemao kwamba kijana huyu alimcheza vizuri mwana amtafutaye baba kwa sababu yeye mwenyewe aliachwa. Sisi hatulikubali neno hilo upesi. Mayatima ni wengi, na waigizaji ni wachache. Kama kilio peke yake kingetosha, kila matanga yangetoa mwigizaji. Twadhani ni afadhali kutazama mahali alipojifunza kukitumia kilio hicho, na mahali hapo palikuwa darasani.

Mwalimu wake wa usemaji katika shule ya Fairmount aliitwa Bibi Adeline Brookshire. Mwaka 1949 alimtia katika mashindano ya kusoma kwa kuigiza, naye akasoma maandiko ya yule mwenda wazimu yaliyomo katika kitabu cha Dickens kiitwacho The Pickwick Papers. Alianza kwa kupiga ukelele, watu wakaruka vitini. Akashinda katika jimbo zima la Indiana, akapelekwa Longmont, Colorado, kwenye mashindano ya nchi yote. Husimuliwa kwamba masomo yake yalipita muda uliowekwa, na mwalimu akamsihi apunguze, naye akakataa kata kata. Akawa wa sita. Kila mwalimu aliyepata kusimama nyuma ya pazia siku ya sikukuu ya shule amjua mtoto wa namna hii: ndiye bora kuliko wote, tena ndiye asiyesikia. Kisa hiki kidogo chatufaa kuliko hadithi zote za uyatima wake, kwa maana chaonyesha mambo mawili yaliyomfuata hata mwisho, yaani kipawa cha kuwashtua watu, na kutokubali kwamba kazi ya mwigizaji ina mipaka iliyowekwa na wengine.

Miaka iliyofuata twaipita mbio. Alisoma kidogo California, akacheza Malcolm katika Macbeth kwenye Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles mwaka 1950. Sikukuu ya Pasaka ya 1951 alionekana katika televisheni akiwa Mtume Yohana, katika mchezo uitwao Hill Number One. Maneno yake ni machache na sauti inakwaruza, walakini wasichana wa shule moja ya Kikatoliki walioutazama wakaunda chama cha kumpenda. Kisha akaenda New York, akakubaliwa katika Actors Studio mwaka 1952, akacheza michezo mingi ya televisheni. Jukwaani alionekana mara mbili: Desemba 1952 katika See the Jaguar, mchezo uliokufa baada ya kuonyeshwa mara tano tu, na Februari 1954 katika The Immoralist, alimocheza kijana mtumishi wa Kiarabu. Bwana Elia Kazan alipomtwaa kwa ajili ya East of Eden, ndipo habari yenyewe inapoanza.

Picha hii yatoka katika kitabu cha Bwana John Steinbeck cha mwaka 1952, nayo yasimulia habari za baba mmoja, Adam Trask, na wanawe wawili katika bonde la Salinas, California, mwaka 1917. Aron ni mwema, apendwa. Cal ni mkaidi, wala haaminiwi. Msomaji atambua mara moja Habili na Kaini.

Katika mlango wa mwanzo wa ugomvi wao, baba amwamuru Cal asome Zaburi ya 32 kwa sauti mezani, apate kutubu kosa alilofanya. Cal asoma. Lakini asoma mbio mbio, tena atamka na hesabu za aya, aya kwa aya, kama mtu asomaye orodha ya bidhaa. Baba amwambia asizitaje hesabu. Kijana aendelea kuzitaja. Sisi tuliolelewa katika nyumba za mishoni twaijua sauti ile! Si sauti ya mtu asiyeamini. Ni sauti ya mtu aliyepewa Neno la Mungu kama fimbo, naye airudisha fimbo kwa aliyempa. Hapana machozi katika mlango huu, wala ukelele. Yupo kijana na kitabu tu, na macho yake yameinama, na kila hesabu ya aya yaanguka mezani kama jiwe. Twaona kwamba hapa pana ustadi kuliko mahali pengi palipo mashuhuri zaidi.

Mahali palipo mashuhuri ni pale penye sikukuu ya kuzaliwa kwa baba. Adam amepoteza fedha yake alipojaribu kupeleka mboga za saladi mashariki kwa gari la moshi, zikiwa zimefunikwa barafu. Barafu ikayeyuka njiani, mboga zikaoza. Cal akakopa dola 5,000 kwa mama yake, aliyedhaniwa amekufa kumbe anaendesha nyumba ya aibu katika mji wa jirani, akalima maharagwe, akayauza bei ilipopanda kwa sababu ya vita. Amletea baba fedha ile yote, imefungwa kama zawadi. Baba aikataa. Yeye yumo katika baraza liandikishalo vijana kwenda vitani. Hawezi kupokea faida iliyotoka katika vita hiyo hiyo. Kwa haki, baba asema kweli. Na kwa haki, amwua mwanawe. Ndiyo sadaka ya Kaini isiyotakabaliwa, ila mara hii twaiona kwa macho ya Kaini.

Kwa habari walizosimulia waliokuwapo, mchezo ulivyoandikwa ulimtaka Cal ageuke aende zake kwa hasira. Dean hakugeuka. Aliinua mikono iliyojaa fedha, akamwangukia baba kifuani, noti zikatawanyika, akatoa mlio usio neno lo lote. Bwana Raymond Massey, aliyemcheza baba, hakujua la kufanya. Alisimama kama gogo, akaita tu jina la mwana, "Cal! Cal!" Bwana Kazan akaiacha picha iende, na ndivyo tuionavyo hata leo.

Tuseme wazi shida yetu. Sisi huwafundisha watoto kwamba asomaye mbele ya watu asimame wima, atazame mbele, atamke neno zima. Dean azivunja amri zote tatu. Mabega yameinama, macho yako chini, na nusu ya maneno ayameza. Bwana Massey, mwigizaji wa jadi, azishika zote. Mara ya kwanza tulipoitazama picha hii tulikuwa upande wa Massey, na twakiri kwamba tulikereka. Mara ya pili tuliona kwamba Bwana Kazan amewaweka pamoja kwa kusudi: baba ni mtu wa maneno yaliyokamilika, na mwana ni mtu ambaye maneno yaliyokamilika yamemwumiza tangu utoto, basi hana budi kusema kwa mgongo, kwa mikono, kwa kujiegemeza ukutani. Wasema Massey hakumpenda kijana yule hata kidogo, na Kazan akaiacha chuki ile ikue kwa kuwa ilifaa kazi yake. Kama huko kuwatumia watu kwafaa, hatuna hakika. Lakini matunda yake yanaonekana.

Hata hivi, si kila tendo lake ni lake. Picha ilipotoka Machi 1955, Bwana Bosley Crowther wa New York Times alimkemea sana kwamba anamwiga Marlon Brando, ambaye Kazan huyo huyo alikuwa amemwongoza katika On the Waterfront mwaka 1954. Wapenzi wa Dean hulichukia neno hili. Sisi twasema lina kweli ndani yake. Kuna mahali anapochezesha mabega na kugunaguna pasipo haja, na mtu aweza kumwona Brando amesimama nyuma yake. Kijana wa miaka 23 kumwiga aliyemtangulia si dhambi. Kila fundi huanza kwa mkono wa mwalimu wake. Lakini aibu hii ya kuiga ni ya maana kwetu kwa sababu nyingine: ilisemwa akiwa hai.

Maana ni lazima tukumbuke jinsi mambo yalivyofuatana. Tarehe 30 Septemba 1955, jioni, Dean alikuwa akiendesha motokaa yake ya mashindano, Porsche 550 Spyder, kwenda kushindana Salinas, mji ule ule wa hadithi ya Cal. Saa mbili na zaidi kabla yake, polisi walikuwa wamemwandikia hati kwa kwenda mbio. Penye njia panda karibu na Cholame, California, akagongana na motokaa nyingine, akafa. Majuma mawili hivi nyuma alikuwa amepigwa picha fupi ya kuwaonya vijana waendeshe polepole.

Siku ile, katika picha zake tatu kubwa, watu walikuwa wameona moja tu. Rebel Without a Cause ilitoka mwishoni mwa Oktoba 1955, hata mwezi haujatimia tangu afe. Giant ilitoka Novemba 1956. Akateuliwa kwa tuzo ya Oscar mara mbili akiwa kaburini, kwa East of Eden na kwa Giant, jambo lisilompata mwigizaji mwingine ye yote. Basi hukumu iliyotolewa na macho makavu ni ya East of Eden peke yake. Nyingine zote watu walizitazama kwa machozi, na machozi hayaoni vizuri.

Tuichukue Rebel Without a Cause, yaani mwasi asiye na sababu, iliyoongozwa na Bwana Nicholas Ray. Hii ndiyo picha iliyompa ile koti nyekundu ambayo vijana wa dunia nzima waliiiga, nayo kwa maoni yetu ndiyo dhaifu kuliko jina lake. Wazazi wamechorwa kama vikaragosi. Baba amevishwa aproni juu ya suti, ameangusha sinia ya chakula, yu magotini akiokota. Mama ni wa kelele tu. Hakuna anayewatetea. Katika East of Eden baba ana haki yake, na ndiyo sababu twaumia. Hapa kijana ana haki yote, nasi twaambiwa tumhurumie. Tena humo mna mashindano ya vijana wawili waendeshao motokaa mbio kuelekea ukingo wa jabali, mmoja akafa. Mtu aliyeutazama mlango huo Oktoba 1955 hakuutazama mchezo, alitazama mazishi.

Walakini ndani ya picha hii isiyo sawa mna vitu viwili ambavyo mwigizaji mdogo asingaliviweza. Kimoja ni mwanzo kabisa: Jim, amelewa, amelala chini barabarani usiku, amkuta nyani wa kuchezea wa mtoto, amlaza, amfunika kwa karatasi kama amfunikaye mtoto blanketi. Yasemwa Dean aliyabuni mwenyewe. Hakuna neno, nasi tumekwisha kujua kwamba kijana huyu amnyima mtu hakuna, ila yeye ndiye anyimwaye. Cha pili ni mwisho, anapompa Plato, rafiki mdogo asiye na wazazi karibu, ile koti yake. Plato apigwa risasi na polisi naye ameivaa, kisha Jim aufunga zipu mwili ule, kwa kuwa rafiki yake siku zote alikuwa akiona baridi. Katika mlango huu Dean si Brando tena.

Giant yatupa taabu zaidi, na hapa ndipo jibu letu lilipo. Bwana George Stevens, aliyepata Oscar ya uongozi kwa picha hii, alimpa Dean sehemu ya Jett Rink, kibarua maskini katika ranchi ya Texas, arithiye kipande kidogo cha ardhi, apate mafuta humo, atajirike, na kuharibika. Nusu ya kwanza ni kazi bora aliyoiacha. Anapopewa ile ardhi, wenye ranchi wanataka kuinunua, naye akataa. Kisha aenda peke yake kuipima kwa hatua, akitupa miguu mbali kama mtu apimaye shamba pasipo kamba. Apanda mnara wa kinu cha upepo, aketi juu, atazama. Ndiyo yote. Uso wake hauonekani vizuri, hana baba wa kumlilia, hasemi neno, wala hatumii hata kimoja cha vitu vilivyompa sifa. Mtu ye yote aliyepata kukabidhiwa kipande cha ardhi cha kwanza maishani mwake aijua hatua ile.

Nusu ya pili yasimulia miaka mingi baadaye, naye Jett ni mzee tajiri mlevi. Wamemtia mvi, wakamnyoa nywele za mbele, wakampa masharubu na miwani myeusi. Haikufaa. Uzee wake ni nguo aliyovaa, nao haujamwingia mifupani. Katika hotuba ya mwisho, ukumbini palipobaki meza tupu, maneno aliyamumunya hata hayakusikika, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kufa, ikabidi mwigizaji mwingine, Nick Adams, atie sauti yake mahali pengine. Rock Hudson, ambaye kwa kipawa hatumlinganishi naye, alizeeka vizuri zaidi katika picha iyo hiyo. Dean alikuwa na miaka 24. Alijua njaa ya kijana kwa ndani, na uchovu wa mzee aliukisia kwa nje. Lilikuwa somo lililomngojea. Mtoto aliyekataa kupunguza masomo yake Longmont alikuwa ndiyo kwanza afikie mahali ambapo kipawa peke yake hakitoshi.

Basi tukamwambia yule mwanafunzi hivi: mapenzi yale ya koti na ya motokaa yasingalikuwapo kama angaliishi, nasi hatuyasikitikii. Lakini Zaburi ile iliyosomwa na hesabu zake, na hatua zile za Texas, zimekwisha kufanyika naye yu hai, wala kifo hakikuziongezea kitu. Akauliza, "Je, angaliweza kujifunza uzee?" Tukamjibu kwa habari moja tu.

Mwaka 1954, Bwana Kazan alipokuwa akitafuta wana wa Adam Trask, waliletwa vijana wawili mbele ya kamera kujaribiwa pamoja. Picha ile fupi ipo hata leo. Wasimama bega kwa bega, wageuka huku na huku kama walivyoamriwa, wataniana na kucheka. Mmoja ni Dean. Wa pili, aliyemzidi kwa miaka sita, hakuchukuliwa. Dean alipokufa alikuwa amekusudiwa kumcheza mpiganaji wa ngumi Rocky Graziano katika Somebody Up There Likes Me, na sehemu ile akapewa yule mwenziwe aliyekataliwa. Picha ikatoka 1956. Jina lake Paul Newman. Mwaka 1987 alipewa Oscar kwa kumcheza mtu aliyekwisha kupita ujana wake, naye akafa mwaka 2008, mzee wa miaka 83.

Kijana akaomba tumwonyeshe picha ile fupi. Aliitazama mara tatu, na kila mara alimtazama yule wa pili.